Isnadi ya Santuri

Santuri ya zamani ikisafishwa na kutolewa upya, kinachosikika si kile kilichosikika katika gramafoni ya kwanza, wala si kile kilichotoka kinywani mwa mwimbaji. Kwa muziki wa Unguja mfano ulio karibu zaidi ni santuri za Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba kiasi cha mwaka 1880, akahamia mjini, akarekodiwa Bombay na kampuni ya HMV mwaka 1928, na akafariki mwaka 1950. Leo sauti yake husikilizwa katika simu, katika kompyuta na katika diski zilizokusanywa Ulaya, baada ya kupita mikononi mwa mafundi ambao msikilizaji hawajui kwa sura wala kwa jina. Hapo ndipo swali linapozuka: anayesikika ni nani? Ni Siti mwenyewe, ni mwangwi wake, au ni fundi aliyeamua Siti asikike vipi?

Swali hili limejadiliwa sana kuhusu jazi ya Marekani, ambako kusafisha rekodi za miaka ya 1950 na 1960 kumekuwa biashara kubwa na ugomvi wa kudumu kati ya wapenzi wa muziki. Mji Mkongwe wa Unguja una zana zake za kulijadili, na huenda ni zana kali zaidi. Elimu iliyosomeshwa katika misikiti na vyuo vyake kwa vizazi na vizazi ilijishughulisha hasa na jambo hili: maneno hutokaje kwa mtu mmoja hadi kwa mwingine bila kuharibika, na yakiharibika, alaumiwe nani.

Kwanza ieleweke kilichotokea Bombay. Kabla ya mwaka 1925 mwimbaji alipigia kelele ndani ya pembe ya bati, na nguvu ya pumzi yake ndiyo iliyosukuma sindano. Siti alirekodiwa baada ya maikrofoni kuingia, kwa hiyo alibahatika. Herufi zinasikika, udi unasikika, hata mvuto wa pumzi kati ya beti mara nyingine unasikika. Sauti ilikwenda kwa umeme hadi kwenye sindano iliyochora mfereji juu ya bamba la nta. Nta ile ilipakwa madini, madini yakawa muhuri, na muhuri ukagonga sahani za mchanganyiko wa lakiri, unga wa mawe na masizi. Upande mmoja wa sahani ya inchi 10 ulichukua kiasi cha dakika tatu.

Dakika tatu ni kitu kidogo sana kwa taarab. Nyumbani kwa Siti, upande wa Ng'ambo mjini Unguja, wimbo haukuwa na haraka. Ubeti ulirudiwa kadiri wasikilizaji walivyoutaka, mtu akainuka kutunza, mwingine akaitikia, na fumbo lililomlenga jirani likarudiwa mara nyingine ili jirani asipate kisingizio cha kutolisikia. Bombay hakukuwa na jirani. Kulikuwa na Siti, wenziwe kina Subeit Ambar na Maalim Shaaban, chumba kilichozibwa sauti, na fundi mgeni asiyejua Kiswahili akiangalia saa. Kwa hiyo anayelalamika kwamba toleo la leo lililosafishwa si la asili hana budi aeleze asili anayoitaka ni ipi. Usiku wa Ng'ambo haukurekodiwa na mtu. Kilichorekodiwa ni mukhtasari wake, tena mukhtasari uliokatwa kwa kipimo cha sahani.

Baada ya kuuzwa, santuri ilianza kuliwa. Sindano ya chuma ilisaga mfereji kila ilipopita, na wimbo uliopendwa zaidi ndio uliosagwa zaidi. Matokeo yake ni kinyume cha haki: nakala nzuri zilizobaki mara nyingi ni zile ambazo hazikuchezwa sana, zilizokaa katika makabati ya kampuni au katika hazina za Ulaya. Mkusanyo wa nyimbo za Kiswahili za Tanzania na Kenya za miaka ya 1920 hadi 1950, uliotolewa na Topic Records mwaka 2007 chini ya uhariri wa Janet Topp Fargion, ulitokana na santuri za Maktaba ya Uingereza. Sahani zilizochezwa kila jioni katika mikahawa ya Unguja hazikuwa na bahati hiyo.

Wanavyuoni walifikiwa na swali la sauti ya mashine mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1899 Sayyid Uthman bin Abdallah bin Yahya, mwanachuoni wa Kihadhrami aliyeishi Batavia, ambayo leo ni Jakarta, aliandika kuhusu hukumu ya fonografu, na mwaka uliofuata Mholanzi Snouck Hurgronje akachapisha makala juu ya mjadala huo. Batavia inaonekana mbali, lakini Sayyid Uthman alitoka katika mtandao uleule wa elimu wa Bahari ya Hindi ulioipa Unguja kadhi wake mashuhuri Sayyid Ahmad bin Sumait. Masuala yaliyoulizwa huko yangeweza kuulizwa katika mitaa ya Unguja ya Ukutani au Malindi: anayesikia Qur'ani kutoka katika mashine anapata thawabu ya kusikiliza kisomo? Aya ya sijda ikisikika humo, asujudu?

Fikihi ilikuwa na jibu lililotangulia mashine kwa karne nyingi. Wanavyuoni wa Kihanafi walisema kwamba sijda ya kisomo haiwi wajibu kwa aya iliyosikika kutoka kwa ndege aliyefunzwa kusema au kutoka kwa mwangwi. Wa Kishafii, ambao ndio wengi Unguja, walisisitiza makusudio: kisomo cha aliyelala, au cha ndege, hakileti sijda, kwa sababu msomaji hakukusudia kusoma. Kasuku anaweza kutamka herufi sawasawa na hajui anachotamka. Mwangwi una herufi zote na hauna mtu. Kinachokosekana katika vyote viwili ni nia, na nia haichorwi katika nta.

Hata hivyo sauti isiyo na nia haikuhukumiwa kuwa bure. Mwaka 1961 kisomo kizima cha Qur'ani cha Sheikh Mahmud Khalil al-Husary kilitolewa Cairo, kutokana na wazo la Labib al-Said, chini ya uangalizi wa wanavyuoni, kikaenea kwa santuri na redio hadi pwani yote ya Afrika Mashariki. Kisomo kile kiliheshimiwa bila kukipa nafasi ya mwalimu. Mtoto wa chuoni Unguja bado anasoma mbele ya maalim wake, mdomo kwa sikio, na hakuna anayepewa ijaza, yaani idhini ya kusomesha, na sahani. Santuri ilikubaliwa kuwa shahidi. Kulinganisha kisomo na nyimbo za Siti hakumaanishi kuzisawazisha, na wapo masheikh ambao wangekataa hata kuvitaja katika ukurasa mmoja. Lakini hukumu juu ya mashine haiangalii mashine imebeba nini. Inaangalia uhusiano wa sauti iliyobaki na mtu aliyekwisha kwenda.

Uhusiano huo una upande wa falsafa ambao Unguja inaukumbuka kwa jina bila kuufikiria. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mjini mwaka 1905, ilijiita kwa jina la jamii ya wanafalsafa wa Basra wa karne ya 10 walioandika risala 52, na risala yao ya tano ilihusu muziki. Kwao sauti ni mgongano wa vitu unaotikisa hewa, na mtikisiko huo husambaa pande zote hadi ukafika masikioni. Sauti haikai hewani. Masikio yakishachukua fungu lao, imekwisha.

Wanateolojia wa Kiashari, ambao itikadi yao ndiyo inayosomeshwa na Mashafii wa Unguja, walikaza zaidi. Kwao sauti ni aradhi, yaani sifa inayotegemea kitu kingine, na aradhi haidumu nyakati mbili. Kila lahadha inaumbwa upya. Mtu akilichukua neno hili kwa uzito wake, malalamiko mengi juu ya santuri yanapungua nguvu. Sauti ya Siti haikubaki ileile hata ndani ya chumba cha Bombay, kutoka nukta moja hadi nyingine. Hakuna kitu kiitwacho sauti yake kilichowahi kukaa mahali pamoja kikingoja kuhifadhiwa, kisha kikachafuka, kisha kikasafishwa. Kilichodumu ni mfereji, nao ni jiwe na lakiri. Kila unapochezwa hutoa sauti mpya ambayo watu huinasibisha na Siti.

Unguja ina mazoea ya mabishano ya namna hii, katika jambo kubwa zaidi. Mashafii wa Kiashari na Maibadhi waliishi mtaa mmoja huku wakitofautiana kama Qur'ani imeumbwa. Waashari hutenganisha maneno ya Mwenyezi Mungu yasiyo na mwanzo na sauti ya msomaji iliyoumbwa. Maibadhi wanasema kwamba Qur'ani imeumbwa. Sheikh Ahmed bin Hamed al-Khalili, aliyezaliwa Mfenesini, Unguja, mwaka 1942 na kuwa Mufti wa Oman mwaka 1975, aliitetea rai ya Kiibadhi katika kitabu chake al-Haqq al-Damigh. Pande zote mbili, kwa njia zao, zilifundisha wafuasi wao wasichanganye kinachosomwa na sauti ya kukisomea. Mtu aliyelelewa katika mjadala huo hana sababu ya kubabaika mbele ya santuri.

Basi kama utambulisho wa sauti haumo katika mwili wa sauti, umo katika nasaba: nani alipokea kutoka kwa nani. Na hiyo ndiyo kazi ya elimu ya hadithi. Mtaalamu wa hadithi hasemi kwamba maneno ni kweli kwa kuwa ni mazuri au kwa kuwa yanasikika vizuri. Huuliza isnadi, mnyororo wa wapokezi, na kwa kila mpokezi huuliza mambo mawili: uadilifu wake na dhabti yake, yaani uimara wa kuhifadhi alichopokea. Mwadilifu asiye na dhabti hukosea bila kukusudia. Mwenye dhabti asiye na uadilifu huharibu kwa ustadi. Fundi anayesafisha santuri ni mpokezi kwa maana hiyo kamili. Amepokea kutoka kwenye sahani, sahani imepokea kutoka kwenye muhuri, muhuri kutoka kwenye nta, nta kutoka kwa fundi wa Bombay, na fundi wa Bombay kutoka kwa Siti. Akikatika mmoja, au akifichwa, riwaya inakuwa dhaifu hata sauti ingekuwa safi namna gani.

Kampuni za santuri hazikuwa na desturi ya kutaja mnyororo huu. Lebo ilitaja mwimbaji na wimbo. Fundi wa Gramophone, kampuni mama ya HMV, katika miaka ya mwanzo alitambulika kwa herufi tu kando ya namba iliyochorwa katika nta. Waimbaji wenyewe mara nyingine walikuwa makini zaidi. Gauhar Jaan, aliyerekodiwa Calcutta mwaka 1902 na Fred Gaisberg, alimalizia nyimbo zake kwa kulitamka jina lake, na inaelezwa kwamba sababu ilikuwa kuwasaidia mafundi wa kiwanda cha Hannover, Ujerumani, waliokuwa wakigonga sahani bila kujua ni za nani. Alitia kiungo cha kwanza cha isnadi ndani ya sauti yenyewe.

Dhabti ya fundi hupimwa katika mambo ambayo msikilizaji hayaoni. La kwanza ni mwendo. Sahani hizi huitwa za mizunguko 78 kwa dakika, lakini mitambo ya zamani haikuwa sawa, na nyingine zilichorwa chini au juu ya kipimo hicho. Sahani iliyochorwa kwa mizunguko 74 ikichezwa kwa 78 hupanda karibu nusu toni na wimbo ukaenda mbio. Mwanamke wa makamo akawa kigori. Siti alikuwa na umri wa karibu miaka 50 alipokwenda Bombay, na fundi asiyejua hilo anaweza kumpa ujana asioudai.

Kosa la mwendo limewahi kuipata santuri maarufu kuliko zote za jazi. Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa New York mwaka 1959 katika studio ya Columbia ya mtaa wa 30, jengo lililokuwa kanisa, na fundi wake alikuwa Fred Plaut. Katika kikao cha kwanza, cha tarehe 2 Machi, mtambo mmoja wa kanda ulikwenda polepole kidogo, kwa hiyo nyimbo zote tatu za upande wa kwanza zilipochezwa kwa mwendo wa kawaida zilisikika juu kuliko zilivyopigwa. Kosa halikurekebishwa hadi mwaka 1992, kwa kutumia kanda ya akiba. Katika miaka hiyo 33 wanamuziki waliufuatisha upande ule kwa ala zao na kushangaa hazilingani. Wapo waliouzoea upande uliokosewa wakaona uliosahihishwa ni mzito. Mapenzi yao ni ya kweli, lakini hayana ushahidi. Hadithi dhaifu haiwi sahihi kwa sababu imependwa na wengi.

Mfano wa pili ni wa fundi mwenyewe. Rudy Van Gelder, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2016, alikuwa mpimaji wa macho mchana na fundi wa sauti jioni. Alianza kurekodi katika sebule ya wazazi wake Hackensack, New Jersey, kisha mwaka 1959 akajenga studio yake Englewood Cliffs. Sehemu kubwa ya santuri za kampuni ya Blue Note za kipindi hicho ni kazi yake. Kuanzia mwaka 1999 kampuni ilitoa upya mfululizo wa santuri hizo zikiwa zimesafishwa na yeye mwenyewe, hoja ikiwa kwamba hakuna anayejua zaidi zilivyopaswa kusikika kuliko aliyekuwapo. Hoja hiyo ina nguvu, lakini wataalamu wa hadithi walikwisha kuiwekea mpaka. Mpokezi mwaminifu huulizwa pia lini aliyasimulia aliyoyasikia; riwaya za ujana wake na za uzee wake hutengwa, kwa kuwa kumbukumbu hubadilika na ladha hubadilika. Wasikilizaji wengi waliona matoleo yale ni makali na yenye nguvu kupita kiasi yakilinganishwa na santuri za awali zilizokatwa na mkono uleule. Van Gelder hakudanganya. Alisimulia mara mbili, na mara mbili hizo hazikulingana.

Ni yeye pia aliyerekodi A Love Supreme ya John Coltrane, Desemba 1964, kazi ambayo mpigaji wake aliitoa waziwazi kama shukrani kwa Mungu. Kanda ya asili ilipotea, na toleo lililosafishwa la mwaka 2002 lilitegemea kanda iliyokuwa imepelekwa kwa EMI, Uingereza. Sala iliyorekodiwa New Jersey ilirudi kwa njia ya London, na walioitoa waliieleza njia hiyo. Ndivyo inavyotakiwa.

Kutoka hapo swali linarudi Unguja na kuwa gumu zaidi, kwa sababu taarab ina jambo ambalo zana za kusafishia hazikuundwa kulielewa. Makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Rast, Bayati na Sika zina sauti zinazokaa katikati ya vidole vya piano. Programu nyingi za kurekebisha sauti zimejengwa juu ya muziki wa piano, na zikipewa udi, ganuni na fidla huona makosa pasipo na makosa. Fundi akiiacha programu iamue, robo toni inasukumwa hadi kwenye kidole cha karibu, na wimbo unabaki na maneno yake huku roho yake imehamishwa. Vivyo hivyo na mchakacho. Ukiondolewa kwa pupa unaondoka na ncha za herufi, na mashairi ya Kiswahili yanategemea sana s na sh zake. Fumbo likipoteza herufi moja linaweza kubadilika maana au kukosa maana kabisa.

Mji Mkongwe una uzoefu wa jambo kama hili katika kuta zake. Nyumba za mawe ya matumbawe zilijengwa kwa chokaa, nayo huacha unyevu uingie na utoke. Ukarabati wa haraka ulileta saruji, ukuta ukapendeza na kung'aa, maji yakafungwa ndani, na baada ya miaka jiwe likaanza kumung'unyika nyuma ya sura nzuri. Saruji haikukusudia ubaya. Haikuwa ya jamii moja na jiwe. Programu iliyofunzwa kwa muziki mwingine iko hivyo hivyo mbele ya Bayati.

Wapo wanaojibu kwamba dawa ni kutogusa kabisa: santuri itolewe na mikwaruzo yake yote. Rai hii inaonekana ya uaminifu na ina udhaifu mkubwa. Mikwaruzo haikuimbwa na Siti. Ni historia ya sindano, ya vumbi na ya kabati, na anayeipenda anaupenda uzee wa kitu. Hakuna msikilizaji wa mwaka 1928 aliyenunua santuri mpya akasikia mchakacho unaosikika leo. Kuuacha wote ni kumsimulia Siti pamoja na kikohozi cha kila aliyepita njiani.

Elimu ya hadithi ilijua kutofautisha kati ya riwaya kwa lafudhi, inayotamka neno kwa neno, na riwaya kwa maana, inayohifadhi makusudio kwa maneno ya mpokezi. Wengi waliiruhusu ya pili kwa masharti: mpokezi awe mjuzi wa lugha na wa kinachobadilisha maana. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, alikuwa mpokezi wa Siti kwa maana. Aliziimba nyimbo zake kwa miongo mingi, akazifupisha, akazirefusha, akazitia ngoma na ukali wa koo lake, na hakuna aliyemwita mzushi. Ajabu ni kwamba fundi anayebadilisha sehemu ndogo tu ya hayo hushukiwa zaidi, na kushukiwa huko ni haki. Bi Kidude aliimba kwa sauti yake na kwa jina lake. Aliyemsikia alijua anamsikia Kidude akimpokea Siti. Fundi hufanya kazi yake chini ya jina la mwingine. Sauti inatoka, jina lililo juu ya jalada ni la Siti, na mkono wa tatu hauonekani.

Katika istilahi ya hadithi kosa hilo lina jina, tadlisi: mpokezi anaficha kasoro ya mnyororo ili riwaya ionekane nzuri kuliko ilivyo. Si lazima aseme uongo. Inatosha anyamaze pale ambapo angepaswa kusema. Hukumu juu ya rekodi iliyosafishwa inapaswa kuwekwa hapo, na wapenzi wa muziki wanapoteza muda mwingi kwa kuiweka katika usafi au uchafu wa sauti. Fundi aliyeondoa mchakacho mwingi na akaandika alichoondoa ni mpokezi wa kuaminika ambaye mtu anaweza kutofautiana naye. Fundi aliyeondoa kidogo na kunyamaza ni mudallisi. Hata Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa Siti, aliyasafisha maisha yake yakawa ya mfano wa kuigwa, na msomaji hana malalamiko makubwa, kwa kuwa jina la Shaaban Robert liko juu ya kitabu na tabia ya kalamu yake inajulikana.

Zana za miaka ya karibuni zimefungua mlango mwingine. Kompyuta sasa inaweza kuitenga sauti ya mtu na ala zilizorekodiwa pamoja naye. Wimbo wa Beatles uliotolewa mwaka 2023, Now and Then, ulijengwa juu ya sauti ya John Lennon iliyochambuliwa kutoka katika kaseti ya nyumbani. Kutenga bado ni kupokea, mradi kinachotolewa kilikuwamo. Lakini zana za jamii hiyohiyo zinaweza pia kukisia palipokuwa na tundu na kulijaza kwa sauti inayofanana na ya mwimbaji. Herufi ambayo sindano iliila mwaka 1935 inarudi, laini na kamili, na haikutoka kwa Siti. Imetoka katika wastani wa sauti za watu wengine. Kwa vipimo vya isnadi hiyo haiingii katika dhaifu. Ni ya kuzuliwa, na uzuri wake unazidisha kosa, kwa kuwa sikio halina njia ya kuitambua.

Kuna wanaoona mjadala wote huu ni wa upuuzi, kwa sababu taarab yenyewe kwao ni lahau, yaani pumbao lisilo na faida. Mjini Unguja rai hiyo haijawahi kukosa watu wake. Al-Ghazali, ambaye Mashafii wa pwani wanamsoma sana, alikifanya kitabu kizima cha Ihya kuwa cha usikilizaji, na humo alikataa kuiharamisha sauti nzuri kwa kuwa ni nzuri. Aliangalia inaamsha nini katika moyo wa anayesikiliza. Hata anayeichukia taarab anakubali kwamba kumzulia marehemu asichokisema si halali, na sauti ni sehemu ya kusema.

Kazi iliyobaki ni kubwa. Redio ya Sauti ya Unguja ilianza mwaka 1951, na nyimbo nyingi za Ikhwani Safaa na za vikundi vilivyofuata zilirekodiwa kwa ajili ya redio kabla ya kampuni yoyote ya nje kuzijali. Globestyle ya Uingereza ilikuja kurekodi Ikhwani Safaa na Culture Musical Club mwaka 1988, na kuanzia mwaka 2005 Werner Graebner amesimamia mfululizo wa Zanzibara kwa kampuni ya Kifaransa ya Buda Musique, ukiwamo mkusanyo wa taarab ya Mombasa ya 1965 hadi 1975. Kanda zinazosubiri ni nyingi kuliko zilizotolewa, na vijana wenye kompyuta na masikio mazuri wanaoweza kuzisafisha wapo Unguja, wengine wamefunzwa makamu katika chuo cha muziki cha nchi za majahazi kilichofunguliwa mjini mwaka 2002. Kwa kazi ya taarab, fundi anayeijua Sika na anayeelewa fumbo ana dhabti kuliko mwenye mtambo wa bei kubwa asiyejua vyote viwili.

Watakaozitoa kanda hizo waandike juu ya jalada mambo manne tu: sahani au kanda ilitoka wapi, imechezwa kwa mwendo gani, kimeondolewa nini, na nani ameondoa. Msikilizaji naye asinunue Siti asiye na isnadi.